Pembe Niliyokunywa Maragua

Ijumaa, 1 Machi 1974
Shajara hii ni ya mwaka 1971. Duka ninaponunua rangi walinipa bure kwa sababu hakuna aliyeitaka tena. Kila nikiandika itabidi nikate siku iliyopigwa chapa na kuweka ya kweli. Naanza leo kwa sababu leo tumehama, na kwa sababu nina hasira, na binti yangu Seline amesema nisipoitafutia hasira yangu mahali pa kukaa atarudi Seme kwa mama yake.

Miaka tisa nimekaa Kianda, kule Kibera, kwenye chumba cha udongo. Mimi, Nashon Oloo, ni mpaka rangi wa mabango. Nusu ya bucha na nusu ya hoteli za Kawangware zimeandikwa kwa mkono wangu, na kila asubuhi nilikuwa natembea kutoka Kibera na madebe begani. Mzee Waithaka, mwenye ploti hii ya Kawangware, alinionyesha chumba cha mabati na sakafu ya saruji akasema, "Bwana Oloo, hapa utakaa kama mfalme." Nimefika. Dirisha halifungi. Mfereji una kufuli, na ufunguo uko kwa mkewe, Wangoi. Mfalme ameomba maji kwa kubisha hodi mara tatu.

Jumatano, 6 Machi
Nimejaza fomu ya Seline ya chuo cha uuguzi. Alimaliza kidato cha nne mwaka jana, ana miaka kumi na tisa, na tangu azaliwe nimesema huyu atakuwa nesi. Nimejaza kwa herufi kubwa, zimesimama vizuri. Yeye alikuwa anafua. Alipoingia aliona bahasha nimeshaifunga. Alitaka kusema jambo, nikamwambia asubiri, rangi ilikuwa inakauka kwenye brashi.

Jumanne, 12 Machi
Mvua ya kwanza. Paa linavuja juu ya kitanda changu hasa. Waithaka anasema atamtuma fundi.

Alhamisi, 14 Machi
Hakuna fundi.

Jumatatu, 18 Machi
Hakuna fundi. Nimehamisha kitanda, na tone nalo limehama. Seline alichukua dakika arobaini kuleta ndoo moja ya maji. Mfereji uko hatua ishirini. Nilimuuliza kama aliuchimba. Alisema alikuwa anaongea na Kiragu. Huyo ni mtoto wa Waithaka, dereva wa Peugeot ya baba yake, kijana wa suruali pana zinazofagia matope. Namwona kila siku anaifuta gari ambayo kesho itachafuka.

Jumatatu, 25 Machi
Nilikwenda kwa Waithaka kuhusu paa, nikiwa nimejipanga kwa maneno makali. Akaniketisha, Wangoi akaleta chai ya maziwa mengi, nikainywa kwanza. Waithaka akasema, "Oloo, wewe unafanya kazi sana. Tangu uhame sijaona ukipumzika hata siku moja. Jumamosi twende na mimi Maragua, kwa ndugu yangu Ng'ang'a. Alinunua shamba huko baada ya uhuru. Uone nchi yenye inatoka muratina. Jumapili jioni tumerudi."

Nikamwambia mimi sinywi pombe tangu nibatizwe.

"Nani amesema unywe? Nimesema uone."

Sijawahi kwenda popote kwa ajili ya kutazama tu. Nimekubali. Paa sikulitaja.

Jumapili, 31 Machi
Tumerudi. Naandika yote, maana sijui lini nitatembea tena.

Tulitoka jana asubuhi, Kiragu akiendesha, Waithaka mbele, mimi nyuma na gunia la unga. Ukishapita Thika unateremka, joto linapanda, na barabara inakuwa nyekundu. Shamba la Ng'ang'a liko bondeni kando ya mto. Miwa imesimama pande zote mbili za maji. Juu kidogo kuna miti ambayo sijaiona Nairobi, imening'iniza matunda marefu kama mkono wa mtu, mazito, kila moja kwenye kamba yake. Nilisimama chini ya mmoja, Kiragu akanivuta pembeni. "Usisimame hapo, mzee. Hiyo ikianguka inaua ng'ombe."

Ng'ang'a ni kaka mkubwa wa Waithaka, mtu mrefu, mpole, asiye na haraka. Alinitembeza mwenyewe. Matunda wanayapasua katikati, wanayachemsha, wanayaanika juani siku nyingi mpaka yawe mepesi kama mbao kavu. Miwa wanaiponda kwenye kinu, akina mama wawili kwa zamu, halafu maji yake yanakamuliwa na kuchanganywa na asali. Yote yanatiwa kwenye kibuyu pamoja na yale matunda, na kibuyu kinakaa karibu na moto mchana na usiku. Nilitaka kujua mpaka namna wanavyofunga mdomo wa kibuyu. Kwa kweli nilifurahi. Sikumbuki nilifurahi lini mara ya mwisho, na ndiyo maana inaniuma.

Tena wana sheria. Kibuyu kikishawekwa, hakuna kugombana mle ndani. Mwenye nyumba akipandisha sauti, pombe inakataa kuiva. Nilikuwa naanza kumweleza Waithaka kuhusu paa, Ng'ang'a akaweka kidole mdomoni. Siku nzima nilinyamaza kwa ajili ya kibuyu.

Jioni tuliketi wazee saba. Ng'ang'a alichota kwenye kibuyu kilichotiwa asubuhi ile ile, akajaza pembe ya ng'ombe, akanipa. Nikauliza, "Hii ni pombe?" Akasema hapana, bado, ni maji ya miwa na asali, kesho ndiyo itakuwa pombe. Alisimama akaomba kwa Kikuyu, dua ndefu, wazee wakiitikia pamoja. Nilimuuliza Kiragu anasema nini. Kiragu aliangalia chini. "Anashukuru kwa mvua."

Nikasema amina kwa sauti. Nikanywa yote. Ilikuwa tamu mno. Wazee walipiga makofi, Waithaka akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili na macho yake yalikuwa na machozi. Nikafikiri hawa watu wanajua kupokea mgeni.

Jumanne, 2 Aprili
Fundi amekuja saa moja asubuhi. Paa zima, mabati mapya.

Ijumaa, 5 Aprili
Kufuli la mfereji limeondolewa. Wangoi ameleta chupa ya maziwa. Okello, jirani yangu wa chumba cha tatu, amekaa hapa miaka minne na hajawahi kupewa hata maji ya moto. Ananiangalia vibaya. Nilimwambia ukiongea na watu vizuri wanakusikia.

Alhamisi, 11 Aprili
Nimeamshwa na kelele za mbuzi. Wako watatu, wamefungwa mlangoni pangu kwa kamba mpya, majike wawili na dume mmoja. Waithaka amesimama na koti la Jumapili.

"Za asubuhi, mkwe wangu."

Nilidhani anaongea na mtu aliye nyuma yangu. Nikageuka. Nyuma yangu alikuwa Seline na sufuria.

Nilimuuliza hawa ni wa nani. "Ni wako. Hawa ni wa kuanzia tu. Ulikunywa pombe ya kijana wangu mbele ya wazee, na mimi si mtu wa kuchelewesha mambo."

Nikamwambia nilikunywa maji ya miwa. Nikamwambia sikuelewa neno hata moja la ile dua. Nikamwambia mtoto wangu anakwenda chuo. Nilisema yote kwa sauti ambayo ingeharibu vibuyu vyote vya Maragua. Waithaka alitabasamu kama mtu anayesubiri mvua ipite. "Ulisema amina," akasema, akaenda zake.

Seline aliketi chini akacheka mpaka akashika ubavu. Nimemkataza kwenda mferejini. Akaacha kucheka. Akasema, "Baba, kuna kitu nataka kukuambia." Nikamwambia sasa si wakati, kwanza niwatoe hawa wanyama.

Ijumaa, 12 Aprili. Ijumaa Kuu
Siwezi kuwatoa. Nimeuliza. Nikiwarudisha kwa mkono wangu nimemtukana mzee mbele ya mtaa mzima. Nikiwachinja nimekubali. Nikiwauza mimi ni mwizi. Kwa hiyo wamekaa. Wamekula shati la Okello kwenye kamba ya nguo, na maziwa anayoleta Wangoi nimempa Okello kama fidia.

Jumanne, 16 Aprili
Mvua. Paa halivuji hata tone. Nalala chini yake nikiwa na hasira na kila bati.

Jumamosi, 20 Aprili
Nilikuwa naandika bango la hoteli moja Riruta. Mwenye hoteli akasema, "Nasikia unamwoza binti kwa Waithaka. Hongera." Mkono ukateleza. Bango sasa linasema CHAPATI NA MAHARAGE kwa mstari unaopanda mlima. Nimelifuta na kuanza upya, bure.

Jumatano, 24 Aprili
Mbuzi amezaa. Sasa ni wanne.

Jumamosi, 27 Aprili
Mke wangu Nereah amefika kutoka Seme, amemaliza kupanda. Nilikuwa sijamwandikia habari hii. Alisimama mlangoni na kikapu cha samaki wakavu, akawaangalia mbuzi, akaniangalia mimi.

Nilimweleza tangu mwanzo. Alisikiliza bila kuvua kitambaa cha kichwa. Nilipomaliza akasema, "Baba Seline, wewe soda tu unauliza bei kabla hujashika chupa. Pembe ya watu ukaimeza yote?"

"Ilikuwa maji ya miwa."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe gani?"

"Yawa! Mtoto wangu wa kwanza, amesoma mpaka kidato cha nne, kwa mbuzi watatu?"

"Wanne," nikasema. Sijui kwa nini nilisema.

Hajaongea na mimi tangu saa kumi. Anaongea na Seline nyuma ya pazia kwa sauti ya chini, na mara mbili nimewasikia wakicheka. Mimi ndiye ninayepigana kwa ajili yao humu ndani, na mimi ndiye ninayechekwa.

Jumatatu, 6 Mei
Mvua. Matope mpaka kifundo. Kiragu amechimba mtaro mbele ya mlango wetu bila kuambiwa. Sikumsalimia.

Alhamisi, 16 Mei
Barua ya chuo imefika. Amekubaliwa! Nimeisoma mara tano, nimewasomea Okello na mkewe, nimemsomea hata mwenye kiosk. Wanataka jibu kabla ya tarehe 14 Juni. Nilimwambia Seline, unaona, Waithaka na mbuzi wake watafanya nini sasa? Seline aliisoma polepole, akaikunja, akaiweka juu ya sanduku. Akasema, "Baba, kuhusu hii barua." Lakini nilikuwa nimeshashika kofia niende kumwonyesha Waithaka.

Waithaka aliisoma barua yote. Akasema ni jambo zuri sana, mke wa Kiragu kuwa nesi, atamtibu mama mkwe miguu. Akaniambia wazee wa Maragua watakuja Jumamosi ya tarehe 25 na kibuyu kilichoiva, kumaliza tuliyoanza.

Nimerudi na barua yangu nikairudisha juu ya sanduku.

Jumamosi, 18 Mei
Kiragu alikuja mchana, kofia mkononi. Nilimwacha asimame mvuani kidogo. Akasema, "Mzee, ile siku huko Maragua nilikudanganya. Haikuwa mambo ya mvua. Baba mkubwa alikuwa anaombea hizi nyumba mbili. Baba aliniambia ninyamaze, na nikaogopa. Nisamehe."

Nilimuuliza kama anajua amenifanya nini. Akasema anajua. Hakujitetea hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi. Nilikuwa nimezoea kumchukia kwa suruali zake.

Jumanne, 21 Mei
Wangoi alinikuta mferejini. Huyu mama tangu mwezi wa tatu nimemwandika hapa kama mwenye ufunguo tu. Aliweka ndoo chini akasema, "Baba Seline, mimi nimechoka kuona ukizunguka na huo uso. Hakuna mtu amekuambia ukweli wa desturi yetu?"

Nikasema hakuna.

"Pombe ambayo haijaiva si pombe. Hiyo moja. Ya pili, kwetu baba hanywi kabla hajamuuliza msichana mbele ya watu, ninywe au nisinywe? Msichana akisema kunywa, anakunywa. Akisema usinywe, wazee wanabeba kibuyu yao wanaenda. Mimi baba yangu aliniuliza. Nilikaa kimya mpaka akarudia mara tatu." Akacheka peke yake. "Huyu mzee wangu anajua hayo yote. Alitaka tu kukuharakisha. Anampenda msichana wako, unajua? Ni msichana wako peke yake kwa hii ploti anamsalimia mzee asubuhi."

Nimerudi ndani nikiwa mwepesi, mara ya kwanza tangu nihame. Jumamosi nitawakamata kwa desturi yao wenyewe.

Ijumaa, 24 Mei
Nimeiandika hotuba yangu kwa brashi kwenye karatasi ya bango ili nisikosee. Nereah aliiangalia akauliza, "Na Seline umemwambia?" Nikamwambia hakuna haja, jibu lake nalijua.

Jumamosi, 25 Mei
Walikuja saa nane. Ng'ang'a, Waithaka, wazee wengine wawili, Wangoi na Kiragu. Chumba kilijaa. Kibuyu kiliwekwa katikati ya sakafu, juu ya ngata ya majani ya ndizi. Nereah alikuwa kitandani, Seline mlangoni na birika la chai. Mbuzi walilia muda wote.

Ng'ang'a alijaza pembe, akaninyooshea. Sikuipokea.

Nikasema, "Mzee Ng'ang'a, nakuheshimu. Naomba kuuliza. Kwenu baba anakunywa kabla ya kumuuliza msichana?"

"Hapana. Anamuuliza kwanza."

"Na mimi kule kwako nilimuuliza nani?"

Ng'ang'a alimgeukia ndugu yake. "Waithaka, si uliniambia msichana alishaulizwa na amekubali?"

Waithaka alikuna kidevu. "Nilijua atakubali," akasema.

Hapo nilijiona mkubwa. Nilikuwa nimengoja siku hii zaidi ya wiki sita. Nilisimama, nikamgeukia mwanangu, nikasema kwa sauti ya kanisani, "Seline binti Nashon. Pombe hii, ninywe au nisinywe?"

Seline aliweka birika chini.

"Baba, tunalala chumba kimoja, katikati ni pazia tu. Ilibidi wazee watoke Maragua ndiyo uniulize kitu?"

Akapiga hatua moja kuingia ndani.

"Usinywe," akasema. "Kiragu nilimwambia mwenyewe pale mferejini, mwezi wa tatu, kwamba bado. Nikiwa tayari nitamwambia. Yeye alisikia. Nyinyi wazee ndio hamkusikia." Kisha akaniangalia mimi peke yangu. "Na ile fomu ya chuo, baba? Hiyo nayo nani aliniuliza? Uliijaza, ukaifunga, nikiwa na sabuni mikononi. Nimetaka kukuambia mara ngapi? Kila mara unaniambia nisubiri."

Nilifungua mdomo nimfokee. Naandika ukweli, nilikuwa na maneno, na yalikuwa makali. Halafu niliona kibuyu pale sakafuni. Nikakumbuka kidole cha Ng'ang'a. Nikaketi. Ile karatasi ya hotuba bado ilikuwa mkononi mwangu, nikaikunja, nikaikalia.

Ng'ang'a alisogea kwenye kibuyu. Alimimina ile pembe kurudi kibuyuni, taratibu, bila kumwaga. "Msichana amejibu," akasema. "Hii tutakunywa sisi wenyewe kwa Waithaka, na yeye atakunywa mwisho." Wazee wakacheka. Waithaka alicheka nusu. Alipokuwa anatoka alisimama mbele ya Seline, akasema kwa taabu, "Mama, nilikosea," akainama kidogo. Kwa mtu kama yeye si kitu kidogo.

Kiragu aliwafungua mbuzi. Nereah akauliza kuhusu yule mdogo. Ng'ang'a akasema huyo amezaliwa hapa, hakunywewa na mtu, abaki.

Sikula jioni. Hakuna aliyenibembeleza.

Jumapili, 26 Mei
Sikwenda kanisani. Nimerudi nyuma kwenye shajara hii nikaisoma yote. Tarehe 6 Machi, alitaka kusema jambo. Tarehe 11 Aprili. Tarehe 16 Mei. Nimeandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na sikuona. Nimemlaumu Waithaka kurasa nzima kwa kosa nililokuwa nimelitangulia. Nina aibu na sina wa kumkasirikia.

Jumanne, 28 Mei
Mvua imepungua. Nilisimama mbele ya pazia nikamwambia Seline, "Kuhusu chuo, sijui unataka nini. Sema." Akasema bado anafikiri. Nilitaka kumpa sababu saba. Nikaenda kazini.

Alhamisi, 30 Mei
Bado anafikiri. Nimenyamaza. Ni kazi ngumu kuliko kupaka ukuta wa ghorofa.

Jumatatu, 3 Juni
Asubuhi Seline alinipa bahasha, imefungwa na kugundishwa. "Baba, ukipita Riruta nitumie posta. Ni jibu la chuo." Anwani ameiandika kwa zile herufi nilizomfundisha akiwa mdogo, na zimesimama kuliko zangu.

Nilitembea nayo mfukoni. Niliipima kwa mkono, ilikuwa nyepesi, karatasi moja. Nilisimama kwenye jua nikaiinua, sikuona kitu. Gundi ya bahasha hizi za bei rahisi ni mbaya, mvuke wa birika ungeifungua bila alama, na kwenye kila kibanda njiani kulikuwa na birika. Naandika haya ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikuyafikiria. Pale posta nilikaa kwenye benchi mpaka karani akaniuliza kama naumwa. Ndipo nikabandika stempu na kuitumbukiza.

Niliporudi Seline alikuwa anamlisha yule mbuzi mdogo. Akauliza, "Umetuma?"

"Nimetuma."

"Hukuifungua?"

"Sikuifungua."

Akafuta mikono kwa kanga, akavuta kigoda changu akakiweka karibu na chake.

"Basi kaa, baba," akasema. "Nikuambie nilichoandika."